Uvumilivu wa Pistoni

Mwongozo wa kufufua injini ndogo za petroli, uliofasiriwa kwa ajili ya mafundi wa Tabora na wilaya jirani, umeletwa kwetu tuutolee maoni. Mfasiri ana bidii, na sarufi yake haina dosari. Kasoro imo katika istilahi, nayo ni ya hatari, kwani fundi husoma ili atende.

Tuanze na shabaha ya kazi yenyewe. Mwongozo wasema kwamba injini iliyofufuliwa huwa na 'utegemezi' zaidi na 'uchumi wa mafuta'. Mtegemezi, kama ajuavyo kila mtumishi aliyepata kujaza fomu ya likizo, ni yule alishwaye na mwingine. Injini ya namna hiyo itamtegemea fundi kila wiki! Kinachotakiwa ni kutegemeka: dereva aondoke Tabora kwenda Ujiji, kwa njia ya misafara ya karne ya 19, akiwa na hakika ya kufika. Nao 'uchumi wa mafuta' ni habari ya Wizara. Gereji husema gari linakula mafuta, au halili. Ofisini yatosha kuandika 'matumizi madogo ya mafuta'.

Neno baya kupita yote ni 'uvumilivu'. Limetumika kwa mambo mawili yasiyofanana: nafasi iliyopo kati ya pistoni na ukuta wa silinda, na kiasi ambacho kipimo chaweza kuzidi au kupungua bila madhara. La kwanza ni mwanya. La pili ni tofauti inayoruhusiwa. Fundi akiyachanganya, gharama humwangukia mwenye gari. Mwanya ukiwa mdogo mno, pistoni hutanuka kwa joto na kukwama. Ukiwa mkubwa, oili hupanda na kuungua, moshi wa buluu hutoka, mgandamizo hupungua, na petroli hupotea bure. Hapa tunasema juu ya sehemu za mia za milimita, wala si juu ya subira.

'Mgandamizo' tunaukubali, ila usibadilishane na 'kanieneo', kama ilivyo katika sura ya tatu. 'Pete' badala ya ringi si kosa la maana, lakini nani ataingia duka la vipuri aulize pete? Kiswahili hakikufika Tabora kwa waraka. Kilikuja na wapagazi na wafanyabiashara kutoka pwani, na reli ilipofika mwaka 1912 kilikuwa kimekwisha kuwa lugha ya sokoni. Ringi, valvu na silinda zimeingia kwa mlango huo huo, tuziache.

Rasimu irudi kwa mfasiri, naye akae na fundi mbele ya injini iliyofumuliwa. Sura ya kabureta hatukuigusa. Magari madogo mengi ya leo hupuliziwa petroli kwa nozeli, na yafaa aulizwe kwanza kama sura hiyo yahitajika.