Mapengo ya Mvua Dodoma

Dodoma hupata mvua ya milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya mwisho wa Novemba na Aprili. Ukiitazama jumla hiyo peke yake, utadhani mkulima hana la kulalamikia. Waingereza nao waliuamini wastani walipoanza Mradi wa Karanga huko Kongwa, mkoani Dodoma, mwaka 1947. Mvua ilipiga kwa fujo, ikakatika, na udongo wa mfinyanzi ukakauka ukawa kama saruji. Mwaka 1951 mradi ukaachwa. Makosa yao yalikuwa mengi, lakini hili la mvua ndilo linalotuhusu hapa.

Msimu wa Ugogo, yaani nchi hii ya Dodoma, hupimwa kwa mapengo yake, na kazi yenyewe yaweza kufanywa kwa daftari na penseli. Kipimamvua husomwa saa 3 asubuhi. Siku iliyopata milimita 1 au zaidi iandikie M, iliyopungukiwa iandikie K. Tuseme umepata siku nane hizi: K M M K K K K M. Usihesabu herufi, hesabu jozi za siku zinazofuatana. Zipo jozi tano zinazoanza na K, na katika tatu kati ya hizo kesho yake pia ilikuwa K. Basi uwezekano wa ukavu kuendelea ni 0.6. Siku nane hazithibitishi chochote, bila shaka. Rudia hesabu hiyo kwa rekodi ya miaka 30, kila mwezi peke yake, maana Desemba haifanani na Februari.

Watafiti Gabriel na Neumann waliichapisha njia hii mwaka 1962 kwa mvua za Tel Aviv. Huko, siku kavu ilifuatwa na kavu nyingine kwa uwezekano wa 0.75. Huu ndio mnyororo wa Markov: kesho inaiangalia leo tu. Ukitaka kujua kama pengo lililokwisha kuanza litafika siku kumi, zidisha 0.75 kwa yenyewe hadi ziwe tisa. Utapata asilimia 7 na nusu. Pandisha kiwango kiwe 0.85 tu, nayo inaruka hadi asilimia 23.

Kasoro ya mnyororo huu ni usahaulifu. Ukanda wa mawingu ukihamia kusini na kukaa huko, uwanda wa kati hukauka kwa siku nyingi mfululizo, na siku ya saba ya ukavu si sawa na ya kwanza. Mnyororo unaoangalia siku moja tu huyapunja mapengo marefu, ambayo ndiyo yanayoua mimea. Dawa ni kuangalia siku mbili au tatu nyuma, ingawa hapo rekodi fupi huanza kupwaya.

Hata milimita 1 naitilia shaka. Kwa jua la Dodoma, hiyo hulowesha vumbi tu. Kwa shamba ningeanzia milimita 5.

Halafu kuna tarehe ya kupanda. Mahindi ya muda mfupi yaliyopandwa katikati ya Desemba hutoa mbelewele katikati ya Februari, wakati ambapo mvua hupenda kukatika, na siku kumi za ukavu hapo hufuta mavuno. Mtama hujikunja, ukasubiri, ukaendelea mvua ikirudi. Kwa hiyo uwezekano uleule wa asilimia 23 unamkataza jirani mwenye mahindi kupanda na kumruhusu mwenye mtama.