ECOLEX: sheria ya ziwa imo, wavuvi hawamo

Wandugu wasomi wa Nundu, mwenye kuandika memwari juu ya mazingira, ECOLEX itamusaidia kweli, tena ni ya bure. FAO, IUCN na UNEP ndio wanaiendesha. Mule utakuta mkataba wa Ziwa Tanganyika, uliosainiwa Dar es Salaam tarehe 12/6/2003 na Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia. Utaona nani alisaini, lini. Lakini je, Tanzania ilipofunga uvuvi ziwani Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, mama muuza ndagala alikula nini? Hiyo haimo. Na kurasa zenyewe ni Kiingereza, Kifaransa, Kihispania. Kiswahili cha mvuvi wa Mboko, hapana. Memwari ya kunakili ECOLEX tu, bila kushuka ufukweni kuuliza, mimi ningemurudishia mwenyewe.