Kurudi barabarani na CG125: injini ndiyo ya mwisho kuogopa

Mtu aliyeachana na pikipiki miaka mingi, akalea watoto na kuzoea gari, siku akitaka kurudi huulizia injini kwanza. "Injini nzima?" Mara nyingi hilo ndilo swali lake la kwanza na la mwisho kwa muuzaji. Kwa Honda CG125 ya zamani, swali hilo linagonga mlango usio na shida. Pikipiki hii ilibuniwa ili injini yake istahimili mtu asiyeijali. Kinachoharibika ikilala ni vitu vingine kabisa.

CG125 ilitoka mwaka 1976. Honda walikuwa tayari na CB125, ambayo kemishafti yake inakaa juu, kwenye kichwa cha silinda, na kuzungushwa na cheni nyembamba inayopita ubavuni. Mpangilio huo unadai oili safi na fundi mwangalifu. Lakini katika nchi zinazoendelea pikipiki ni ya kazi. Inabebeshwa kupita uwezo wake, oili inaongezwa tu bila kubadilishwa, na chujio la hewa likichakaa linatupwa. Wahandisi wakaamua kurudi nyuma kwa makusudi, kwenye mpangilio wa kizamani. Kemishafti ikashushwa chini, ikawa inazungushwa kwa gia moja kwa moja na krenkishafti, na valvu zikawa zinasukumwa na fimbo mbili ndefu.

Jambo ninaloliheshimu zaidi ni kwamba kemishafti hiyo ina nundu moja tu. Nundu hiyohiyo inafungua valvu ya kuingiza na ya kutoa, kila moja kwa zamu yake, kupitia vikono viwili vinavyoigusa pande tofauti. Hakuna cheni ya kulegea wala kikazio cha kuchoka. Fundi akinyanyua kichwa na silinda yenyewe ili abadilishe ringi za pistoni, hana haja ya kutaimu upya, kwa sababu gia za chini hazijaguswa. Nguvu ni kama farasi 11 hivi, na kwa pikipiki nyepesi namna hii zinatosha.

Hata usafishaji wa oili ulifikiriwa kwa namna hiyo. Hakuna chujio la karatasi la kununua. Fungua kifuniko cha kulia, upande wa klachi, utakuta kikombe cha chuma kwenye ncha ya krenkishafti. Kinazunguka na injini, na uchafu ulio kwenye oili unatupwa ukutani mwake na kubaki hapo. Katika pikipiki iliyofanya kazi muda mrefu, ndani yake utakuta tope jeusi limegandamana kama ukoko wa ugali. Likwangue kwa kijiti cha mti, ukifute kikombe kwa kitambaa kilicholowa mafuta ya taa, kisha ulipapase tope hilo kati ya vidole. Likiwa laini, huo ni uchafu wa kawaida. Likiwa na chembe zinazong'aa, hicho ni chuma kilicholika mahali fulani, na hapo ndipo injini inastahili kushushwa. Kipimo hiki kinaniambia mengi kuliko kusikiliza mngurumo.

Kuhusu spea, historia imetusaidia. Viwanda vya China viliiga injini hii kwa wingi, na pikipiki nyingi za bodaboda zilizoingia kwetu zilikuja na mfumo wake wa fimbo. Ukiona 156FMI au 162FMJ kwenye injini, tarakimu mbili baada ya 1 ya mwanzo ni upana wa silinda kwa milimita. CG125 halisi ina milimita 56.5, kwa hiyo ya kwanza ndiyo ndugu yake wa karibu. Boxer na TVS zilizojaa barabarani leo si ukoo huu, kemishafti zao ziko juu. Nenda dukani na kifaa cha zamani mkononi ukipime na kipya, usitegemee neno la muuzaji kwamba "zinaingiliana".

Sasa vile vinavyokufa vikilala. Petroli iliyoachwa kwenye kabureta inakauka na kuacha gundi, nayo huziba kwanza jeti ndogo inayolisha injini ukiwa hujavuta mafuta. Ndiyo maana pikipiki iliyolala hukubali kuwaka, halafu huzima ukiachia mafuta. Zile za mwanzo zina platini na umeme wa volti 6, na platini iliyoota kutu inanyima plagi moto hata kama koili ni nzima. Taa za volti 6 ni hafifu, kwa hiyo usiku usiitoe.

Tairi lina tarehe. Tafuta tarakimu 4 ubavuni: mbili za wiki, mbili za mwaka. Watengenezaji wengi wa tairi wanaweka kikomo cha miaka 10, hata kama meno yamesimama. Ukikuta tarakimu 3 tu, tairi hilo ni la kabla ya mwaka 2000, livue siku hiyohiyo.

Breki ndizo zinazonitia hofu kuliko yote. CG za zamani zina dramu mbele na nyuma, na bitana ya breki shuu imebandikwa kwa gundi. Gundi ikizeeka, bitana inaweza kubanduka na kujikunja ndani ya dramu, gurudumu likakwama ghafla ukiwa kwenye mwendo. Kwa macho ya nje huoni kitu. Vua magurudumu, na hata kama breki shuu zinaonekana nene, weka mpya. Waya wa breki ya mbele nao ubadilishwe. Ukifunga, hakikisha kikono cha breki kinakaribia pembe ya nyuzi 90 na waya pale breki inapokamata, maana hapo ndipo nguvu ya vidole inafika yote.

Na mwendeshaji? Miaka ya gari imemfundisha mguu wake wa kulia kwamba breki ni pedali. Kwenye pikipiki pedali hiyo ni ya gurudumu la nyuma peke yake. Ukifunga breki uzito unahamia mbele, la nyuma linabaki jepesi na kuteleza mapema. Breki ya kweli iko mkono wa kulia, na mkono huo umesahau. Kumbuka pia kwamba kutoka kilomita 40 hadi 60 kwa saa, nishati ambayo breki inapaswa kuimaliza inaongezeka mara 2.25. Dramu ndogo ya mbele haina ubavu wa kusamehe hesabu hiyo.

Kwa hiyo, wewe uliyeikuta CG125 ya mzee stoo na unataka kuifufua, fedha ya kwanza itumie kwenye breki, tairi na helmeti mpya. Kisha tafuta uwanja mtupu, uvae helmeti, ufanye mazoezi ya kubana breki ya mbele polepole hadi mkono uikubali bila kufikiri. Injini itakusubiri.