Kabati la Phyllis Diller

Katika hazina ya Makumbusho ya Taifa ya Historia ya Marekani, jijini Washington, limo kabati la chuma lenye droo 48, pamoja na jingine dogo la droo tatu za ziada. Ndani yake mna kadi zaidi ya 52,000, kila moja ya inchi tatu kwa tano, zimepigwa taipureta na kupangwa kwa mada. Kadi moja, kichekesho kimoja. Mwenye kabati alikuwa Phyllis Diller, mchekeshaji aliyefariki nyumbani kwake Los Angeles tarehe 20 Agosti 2012, akiwa na miaka 95.

Wengi wakimkumbuka hutaja nywele zilizosimama kama zimepigwa na radi, na kile kicheko kilichotetea kama kuku aliyetoka kutaga. Mimi namkumbuka kwa kabati. Watu husema mchekeshaji huzaliwa na kipaji, akipanda jukwaani maneno yanamjia tu. Mtu aliyeketi miaka na miaka akipiga chapa kadi 52,000 anatuambia jambo jingine: kuchekesha ni kazi ya mikono, kama useremala, na mbao hupimwa kabla ya kukatwa.

Alianza amechelewa kwa vipimo vya watu. Tarehe 7 Machi 1955 alipanda jukwaa la Purple Onion, ukumbi mdogo wa chini ya ardhi huko San Francisco. Alikuwa na miaka 37, mama wa watoto watano, na kabla ya hapo alikuwa akiandika matangazo ya redio ng'ambo ya pili ya ghuba, mjini Oakland. Alipewa wiki mbili. Alikaa wiki 89.

Hizo wiki 89 ndizo zilizomfinyanga. Mwanzoni alipanda na mizigo mingi: alipiga piano, akaimba, akaigiza waimbaji maarufu wa siku zile kwa kuwakejeli, akashika hiki na kile mkononi. Kidogo kidogo akaanza kuacha. Kila alichokiacha kilimsogeza karibu na kitu kigumu kuliko vyote, yaani mtu mmoja amesimama mbele ya watu wasiomjua, hana ala wala mwenzake wa kumpokea, ana maneno tu. Wanaume waliofanya hivyo walikuwa wengi. Wanawake walikuwa wa kuhesabika, na sitamwita wa kwanza, kwa sababu nitakuwa nimemdhulumu Moms Mabley, mwanamke mweusi aliyekwisha kusimama kwenye jukwaa la Apollo, Harlem, mwaka 1939, na ambaye runinga ya Marekani ilimfungulia mlango akiwa bibi kizee. Diller alifungua mlango mwingine, ule wa mama wa nyumbani wa kawaida anayesema hadharani kwamba nyumba yake imemshinda.

Sasa tuutazame ufundi wenyewe. Diller aliamini kwamba neno la kufyatua kicheko, lile ambalo wachekeshaji wetu wa jukwaani huliita panchi, lazima likae mwisho kabisa wa sentensi. Likifuatwa na neno lolote, hata dogo, hadhira itanyamaza ili isikie lile dogo, na kicheko kitakufa kooni. Alipenda pia neno hilo liwe fupi na liishie kwa konsonanti ngumu, kama t au k, ili sauti ikatike ghafla kama mlango uliobamizwa.

Nimeitafakari sana kanuni hiyo, kwa sababu Kiswahili hakina silaha hiyo. Maneno yetu karibu yote huishia kwa irabu, na mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mchukue Diller katika kichekesho chake kinachojulikana sana: alisema nguo za kupiga pasi zilivyomzidi, nyingi alizizika uani. Kwa Kiingereza aliweka ua mwishoni, na neno lile linafunga kwa d. Ukikileta kichekesho hicho kwetu vivyo hivyo, "uani" linaelea tu. Inabidi ukipange upya: nguo za pasi zimenishinda, nyingine... nimezizika. Hapo mkazo unaiangukia ile zi ya pili, msikilizaji anaona jembe na kaburi, na hakuna kilichobaki cha kusema. Ukimya mfupi kabla ya kitenzi umefanya kazi ya konsonanti. Tofauti kati ya mpangilio huu na ule ni pumzi moja, na pumzi hiyo ndiyo aliyoishughulikia Diller maisha yake yote.

Alikuwa na sikio la kuisikia. Alisomea piano katika chuo cha muziki cha Sherwood, Chicago, na katika miaka ya 1970, akiwa tayari ni nyota, alirudi kwenye kinanda na kupiga na okestra nyingi za simfoni. Vichekesho vyake navyo vilikuwa na mapigo. Katika kilele chake aliweza kutoa panchi kumi na mbili kwa dakika moja, yaani moja kila sekunde tano. Jaribu kuhesabu sekunde tano kimoyomoyo, ukikumbuka kwamba ndani yake lazima liingie jambo, ligeuzwe, watu wacheke, na kicheko kianze kushuka. Akiona kinashuka mno, alicheka yeye mwenyewe, kile kicheko cha kutetea, na ukumbi ulinyanyuka tena pamoja naye.

Hata mavazi yalikuwa na hesabu. Magauni yale mapana kama gunia hayakuwa ya kuficha ubaya; umbo lake lilikuwa zuri, na angelionyesha, hakuna ambaye angeyaamini maneno yake kuhusu mwili wake. Gauni lililificha umbo, maneno yakapata nafasi. Kile kishikio kirefu cha sigara kilichokuwa mkononi mwake kilibeba sigara ya mti, kwani hakuwa mvutaji. Kilikuwa fimbo ya kiongozi wa bendi.

Na mumewe wa jukwaani, Fang, hakuwahi kuzaliwa. Alimtunga, akamtungia na mama mkwe na wifi, akawarudia kwa miongo kadhaa mpaka watazamaji wakawajua kama majirani. Wako wanaosema alijidhalilisha kwa kujicheka sura na upishi. Sikubaliani nao. Mwanamke wa miaka ile alitakiwa awe mrembo, mpishi na mtulivu kwa pamoja, naye akasimama usiku baada ya usiku akisema hayawezi yote matatu, na wanawake ukumbini wakacheka kwa sababu walikuwa wamechoka vilevile. Baadhi yao walimwandikia vichekesho na kumtumia kwa posta, naye alivinunua. Vimo kabatini pamoja na vyake.

Alistaafu majukwaa mwaka 2002, na mwaka uliofuata kabati likaenda makumbusho. Mwaka 2017 makumbusho yaliomba watu wa kujitolea wazinakili kadi hizo kwenye intaneti. Watu wasiojuana walijitokeza, kadi moja baada ya nyingine, na kazi iliisha upesi kuliko mtu angefikiria.

Habari hiyo hunikumbusha misiba ya kwetu. Wazaramo na Wanyamwezi wanajua: mtani akifika matangani, hata maiti hana amani. Wapo wanawake watani ambao wakifungua kinywa waliofiwa hujishika mbavu na machozi bado mashavuni. Wana mpangilio wao wa maneno na ukimya wao kabla ya pigo, waliorithi kwa mama zao na kuunoa wenyewe. Mtani huyo akifa, vyote huzikwa naye, kwa kuwa hakuna aliyeandika.

Basi ukimsikia mmoja wao, rudi nyumbani, chukua kipande cha karatasi, uandike alivyosema, neno kwa neno, na mahali aliponyamaza. Andika na tarehe.