Posa na Pauni katika Kitabu cha Jane Austen

Kitabu kiitwacho Pride and Prejudice kilipigwa chapa London mwaka 1813, bila jina la aliyekitunga, naye ni Jane Austen, binti wa kasisi wa Kiingereza. Aghalabu watu hukisoma kama hadithi ya mapenzi tu. Hata tumewasikia wengine wakikitumia kuwa ushuhuda kwamba mahari yetu ni kumwuza binti, bali Ulaya watu huoana kwa kupendana. Sisi twaona ya kuwa wasemao hivyo hawakuzihesabu pauni zilizomo kitabuni.

Basi na tuzihesabu. Bwana Bennet ana shamba limleteàlo pauni 2,000 kila mwaka, na mabinti watano, wala hana mtoto mwanamume. Shamba limefungwa kwa hati ya urithi lisiwaendee wanawake. Siku atakapokufa litakuwa mali ya jamaa yake wa mbali, kasisi Collins. Mkewe na mabinti wamewekewa pauni 5,000 tu, wagawane. Kisha aja Bwana Darcy, na kabla hajakaa ukumbini dakika tano habari imekwisha kuenea kwamba apata pauni 10,000 kwa mwaka. Uso wake watazamwa baadaye.

Tofauti na desturi zetu ipo, ila si ile isemwayo. Kwa makabila mengi ya bara mali hutoka kwa mume kwenda kwa jamaa za mke. Kwa sheria ya Kiislamu mahari ni haki ya mke mwenyewe. Katika Uingereza ya siku zile mali ilimfuata bibi arusi, ikawa ya mumewe, isipokuwa ile iliyofungwa kwa mkataba kabla ya arusi. Sheria hiyo haikurekebishwa mpaka 1870 na 1882. Ndiyo maana Wickham, askari asiye na kitu, amfuata dada yake Darcy mwenye pauni 30,000, kisha Binti King, ambaye hakumjali hata siku aliporithi pauni 10,000. Kwetu kijana maskini hutafuta ng'ombe apate mke. Kule alitafuta mke apate ng'ombe.

Wickham huyo amtorosha Lydia Bennet, msichana wa miaka 16, wala hakubali kumwoa mpaka Darcy amlipie madeni yapitayo pauni 1,000, ampe Lydia 1,000 nyingine, na kumnunulia yeye cheo cha jeshi. Mahari imetolewa, ila aliyetoa ni mtu wa kando, na aliyepokea ni bwana arusi!

Wasomaji humcheka Bibi Bennet kwa kelele zake za kuwaoza binti, na mwandishi naye amcheka. Si haki yote. Nyumbani mle ndiye peke yake aliyeifahamu hatari. Mumewe, mwenye maneno ya kuchekesha, hakuweka akiba miaka yote, kwa kutumaini kuwa mwana atazaliwa na kuifungua ile hati. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na hapa hasara ni ya mabinti.

Twaona kasoro moja. Elizabeth Bennet amkataa Collins, amkataa hata Darcy mara ya kwanza, na mwisho apata mapenzi na pauni 10,000 pamoja. Mwandishi amempa binti huyo bahati asiyoipata mwenyewe: mwaka 1802 Jane Austen alikubali kuposwa na mrithi wa shamba kubwa, asubuhi yake akakataa, wala hakuja Darcy. Alikufa 1817 bila kuolewa, na haki ya kitabu hiki aliiuza kwa pauni 110.

Lakini hakusema uongo, kwa kuwa alimwandika pia Charlotte Lucas. Huyu ana miaka 27, hana uzuri wala mali. Collins amposa siku ya tatu tangu kumposa Elizabeth, naye akubali, akijua kwamba mtu huyo ni mpumbavu. Elizabeth amlaumu; sisi hatuwezi. Aendapo kumzuru, amkuta Charlotte ametulia, ana kuku wake na nyumba yake, naye amechagua kuketi katika chumba cha nyuma, kisicho na mandhari nzuri, ili mumewe apendezwe na chumba chake cha mbele, kielekeacho njiani, asije kwake mara kwa mara.