Zinakokwenda Inchi 14

Mdogo wangu ana kifua cha inchi 40, kiuno cha inchi 28 na nyonga za inchi 42. Mtaani umbo hilo huitwa namba nane, na wanaolisifia ni wengi kuliko wanaojua kulivisha. Dukani huwa ni yaleyale kila siku. Sketi ikimtosha nyongani, nyuma ya kiuno inaacha mwanya wa kupitisha ngumi. Ikimtosha kiunoni, haipandi mapajani. Blauzi inayopita kifuani huning'inia kama pazia, na mwenye kiuno chembamba kuliko sote nyumbani kwetu anaonekana kana kwamba hana kiuno. Kiwanda hukata maelfu ya nguo kwa uwiano mmoja wa kiuno na nyonga, na mwenye uwiano mwingine hubaki akihangaika mbele ya kioo.

Ilipokuja harusi ya binamu yetu tuligawiwa kitenge cha sare, yadi 6 kila mtu, na mdogo wangu akaamua kukipeleka ashonewe gauni kwa fundi mmoja wa Ilala, mzee anayeshonea kibarazani kwa cherehani ya kukanyaga. Nilimsindikiza mara zote, nikawa nakaa kwenye benchi la wateja. Nilikuwa nimevaa nguo za mafundi maisha yangu yote bila kuwahi kutazama moja ikizaliwa.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na viatu vya siku hiyo?"

Hakuwa navyo. Mzee hakushika hata futi kamba. Alitwambia turudi kesho yake na viatu, na akaniomba mimi nihakikishe mdogo wangu amevaa sidiria atakayoivaa harusini. Kisigino kirefu huusukuma mgongo na kubadilisha mahali nguo inapoangukia. Sidiria hukipandisha kifua au kukiacha chini, na kifua kikihama kwa inchi moja, mshono uliokusudiwa kupita chini yake unapita juu yake. Nilidhani ni ukali wa wazee. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa amekataa kupima mwili ambao hautakuwepo siku ya harusi.

Kesho yake alianza na uzi. Alimpa mdogo wangu uzi mnene ajifunge mwenyewe tumboni, si kwa kukaza, kisha akamwambia ainame kulia, ainame kushoto. Ule uzi ulijiviringisha ukapanda, ukatulia mahali ambapo sisi wawili hatukupategemea, karibu vidole viwili juu ya pale anapofungia mkanda. "Hapo ndipo kiuno chako," mzee akasema. Akapima kutoka mfupa wa shingo nyuma hadi kwenye uzi: inchi 15. Mdogo wangu ni mfupi wa kiwiliwili, na kila gauni la dukani alilowahi kuvaa lilikuwa likiweka kiuno chake juu ya nyonga. Namba nane ikikatwa chini ya pembamba pake hugeuka kuwa namba nyingine kabisa.

Vipimo vya kifua mdogo wangu alijizungushia futi kamba mwenyewe, mzee akiwa amesimama nyuma yake na kusoma tu namba. Hakuna aliyemwelekeza, ni adabu ya kazi aliyoishi nayo. Nyonga alizipima mara mbili, inchi 4 chini ya uzi na tena pale zinapojaa kabisa, maana nyonga mbili za inchi 42 zinaweza kufika huko kwa njia tofauti, moja ikishuka polepole na nyingine ikitanuka ghafla. Kisha akamwambia akae. Akiwa amekaa, zile 42 zilikuwa 43 na nusu. Namba hiyo mzee aliiandika peke yake pembeni mwa daftari na kuizungushia duara.

Sasa hesabu. Kutoka 42 hadi 28 kuna inchi 14, na kitambaa hakijipunguzi chenyewe. Lazima mtu aamue inchi hizo ziende wapi. Fundi mwenye haraka huzila zote kwenye mishono ya pembeni. Matokeo yake nimeyavaa mwenyewe: mshono unapinda kwa ghafla, kinatokea kinundu juu ya nyonga kila upande, na mbele na nyuma kitambaa kimesimama wima kama ubao. Mzee alinionyesha kosa hilo kwa viganja, akiviweka kimoja mbele na kimoja nyuma ya mwili wake. "Mtu si karatasi. Ana mbele, ana nyuma, ana ubavu. Kote huko kiuno kimeingia."

Kwa hiyo alizigawa. Inchi 6 alizipeleka pembeni, 3 kila upande. Inchi 5 alizipeleka nyuma, katika vikunjo vinne vya inchi moja na robo. Zilizobaki 3 akazipeleka mbele, katika vikunjo viwili vya inchi moja na nusu. Kikunjo hicho hushonwa kwa ndani kama kabari: kiunoni ni kipana, kisha kinapungua hadi kuishia na ncha. Vya nyuma vilikuwa virefu, inchi 5 na nusu, kwa sababu nyuma mwili hujaa chini. Vya mbele vilikuwa vifupi, inchi 3 na nusu, kwa sababu tumbo hujaa juu. Ncha ikipita pale mwili unapoanza kujaa, hutokeza kwenye nguo kama kipele, na hakuna pasi inayoweza kuilaza. Sehemu ya juu ya gauni nayo ilikuwa na inchi zake 12 kati ya kifua na kiuno, na huko vikunjo vya chini ya matiti aliviishilizia inchi moja kabla ya kufika kileleni. Halafu akahakikisha kwamba vikunjo vya juu na vya chini vinakutana kiunoni kwenye mstari mmoja. Hilo hakuna mgeni wa harusi atakayeliona, lakini lisipokuwepo kila mtu atahisi kuna kitu kimekosewa.

Ile namba yenye duara ilirudi hapa. Nyongani aliongeza inchi moja na nusu za kukalia, zilezile alizoziona pale kwenye benchi. Kiunoni aliongeza inchi moja tu ya kupumulia, na nusu iliyozidi akaimezea kwenye mishono ya pembeni.

Nilitegemea angekata mara moja. Hakukata. Kitenge chetu kilikuwa na miduara mikubwa, na karibu nusu saa nzima aliigeuza ile nguo mezani, akiisogeza, akiikunja, akiikunjua. Kitambaa chenye maua madogo hakina shida hiyo. Chenye maua makubwa huamua chenyewe macho yatatua wapi, na kwenye mwili uliojaa juu na chini mduara mmoja ukitua mahali pasipofaa unaharibu heshima ya gauni zima. Mwishowe aliipanga miduara ishuke katikati kwa mstari wima, kifuani ikaangukia sehemu ya vichipukizi vidogo vilivyo kati ya miduara, na kiunoni, pale mshono unapopita, mduara ukakatwa nusu juu na nusu chini ili ukutane tena ukishashonwa. Aliposhika chaki nilikuwa nimeshajua kwamba sehemu ngumu imekwisha. Mkasi ulipita kwa dakika chache.

Pembeni aliacha akiba ya inchi nzima. Mwili wa mwanamke haukai ulivyo, akasema, na gauni zuri linapaswa kuweza kuachiwa baada ya mtoto wa kwanza.

Siku ya kujaribu gauni lilikuwa limepigwa bandi tu, uzi mweupe wa mishono mirefu unaotolewa kwa mkono mmoja. Mdogo wangu alilipenda papo hapo, akaomba kitu ambacho naamini kila fundi nchini hukisikia kila wiki: "Babu, ongeza kubana kidogo." Mzee hakubishana. Alichukua pini, akabana pembeni kama alivyoombwa, akamwambia atembee hadi mlangoni na kurudi, kisha akae. Alipofika mlangoni sketi ilikuwa imeshapanda. Kitambaa kilichokosa nafasi nyongani kilikuwa kimepanda kutafuta nafasi mahali pembamba, kikajikusanya kiunoni, na mistari ya kulala ikajichora tumboni kutoka ubavu hadi ubavu. Kile kiuno cha inchi 28 kilikuwa kimefunikwa na rundo la kitenge.

"Mistari hiyo ni kitambaa kinalalamika," mzee akasema. Akatoa pini moja moja, na kwa kila pini mistari ikapungua, hadi sketi ikashuka yenyewe ikalala. "Kushika ni kingine na kubana ni kingine, mwanangu. Kiuno tunakishika. Nyonga tunazipitia tu."

Sentensi hiyo nimeibeba tangu siku ile, na kila nikitazama nguo ya namba nane naipima nayo. Mwili wa namna hii unahitaji nguo iguse mahali pamoja tu, pale pembamba, kisha ifuate miteremko miwili bila kuisukuma. Gauni la kupishanisha mbele na kufungwa kwa kamba kiunoni, ambalo Diane von Furstenberg alilipa jina kubwa kule New York mwaka 1974, linapendeza kwa sababu hiyohiyo. Shingo yenye umbo la V husaidia, kwani hufungua kifua na kuteremsha macho kuelekea kiunoni. Suruali au sketi inayopanda hadi kwenye kiuno halisi husaidia zaidi ya ile inayokaa nyongani. Kitambaa chepesi kinachoanguka hukubali miteremko. Kigumu kama kitenge kinahitaji fundi akichongee njia. Na mwenye kupenda dera asidhani amefungiwa nje. Wanawake wa pwani wana jibu lao la siku nyingi: dera pana juu, khanga ikafungwa kiunoni wakati wa kazi, na namba nane ikajitokeza yenye stara kamili bila mshono hata mmoja kuguswa.

Wakubwa wa mitindo duniani wamelihangaikia umbo hili vilevile. Tarehe 12 Februari 1947, jijini Paris, Christian Dior alionyesha mkusanyo wake wa kwanza, na mmoja wa mitindo yake miwili mikuu aliuita kwa namba hiyohiyo, nane. Kazi ile naiheshimu, ila nane ya Dior ilijengwa: ndani kulikuwa na vazi la kukaza kiuno, na nyongani mlishonewa vijazo. Ninayemwona karibu zaidi na mzee wetu wa Ilala ni Azzedine Alaïa, Mwafrika wa Tunis aliyesomea uchongaji wa sanamu kabla ya kuwa bingwa wa mavazi Paris, na ambaye hadi alipofariki mwaka 2017 alijulikana kwa kukata na kushona kwa mikono yake mwenyewe. Mchongaji anajua kwamba umbo huonekana kwa kulizunguka. Ndicho mzee alichokuwa akinionyesha kwa viganja viwili.

Nililotaka kulisimulia zaidi ni pasi, na watu wachache huiwazia. Baada ya kutoa bandi na kushona kabisa, mzee aliigeuza nguo ndani nje na kuzikatakata kingo za mshono pale kiunoni, vijikato vidogo visivyofika kwenye uzi. Mshono ulioingia ndani kama mwezi mchanga huvuta ukingo wake. Usipokatwa hivyo, hukunjamana, na mkunjo huo hauishi. Kisha akaviringisha kitambaa kizito kikawa duara kama boga, akalilaza gauni juu yake na kupitisha pasi ya mkaa, akiliinua na kuliteremsha, inchi mbili hivi kila mara. Juu ya meza tambarare, alisema, pasi inafuta kila kitu mkasi ulichokifanya. Vikunjo vya nyuma alivilaza vyote kuelekea katikati ya mgongo. Alipomaliza alilitundika, na nguo tupu, isiyo na mtu ndani, ilikuwa na kiuno.

Harusini mdogo wangu alikaa, akasimama, akainama kuwaamkia wazee, akacheza hadi usiku mkubwa, na sikumwona hata mara moja akilivuta gauni chini. Waliomsifu walimsifu kwa umbo lake. Hayo ndiyo malipo ya fundi wa namna hii: kazi yake ikikamilika, watu huusifu mwili.

Kwa hiyo nawaomba wasomaji wenye namba nane, na wasio nayo vilevile. Msipeleke kitambaa kwa fundi Alhamisi kwa ajili ya harusi ya Jumamosi, kisha mkamlaumu kwa mwanya wa mgongoni. Kifueni kitenge kwanza ili kirudi kabla hakijakatwa. Nendeni na viatu na sidiria ya siku hiyo, ombeni mpimwe mkiwa mmesimama na mkiwa mmekaa, na mkubali kurudi kujaribu. Mzee wetu anahitaji wiki mbili na mteja anayerudi mara tatu.