Namna ya kuitambua tafsiri nzuri ya Kijapani

Ukipewa kitabu kilichofasiriwa kutoka Kiingereza kwenda Kijapani uambiwe upime ubora wake, usianze na maneno mazito ya sheria au falsafa. Hayo mengi yana visawe vilivyokubalika tangu zama za Mfalme Meiji wa Japani. Anza na maneno ya kila siku yenye maana nyingi: “play”, “wear”, “rice”, “free”. Hapo ndipo ustadi unapoonekana.

Kitenzi kiandamane na kitu chake. Kwa Mwingereza, “play” ni ya piano, filimbi, ngoma na mpira. Mjapani huitenga: piano ni *hiku*, filimbi ni *fuku*, yaani kupuliza, ngoma ni *tataku*, yaani kupiga, mpira ni *suru*, na mtoto anayecheza tu ni *asobu*. “Wear” nayo ni hivyo hivyo: shati *kiru*, viatu *haku*, kofia *kaburu*, miwani *kakeru*. Mhusika akivaa kofia na viatu katika sentensi moja, fundi atatumia vitenzi viwili na msomaji asihisi uzito wowote.

Hali ya kitu ijulikane. Msomaji wa Kiswahili atalielewa hili upesi, maana nasi tuna mpunga, mchele na wali. Mjapani ana *ine*, *kome* na *gohan*. Wali ukiletwa kwenye sahani katika mkahawa wa vyakula vya Kimagharibi, huitwa *raisu*. Maji pia yana majina mawili: *mizu* ni ya baridi, *yu* ni ya moto. Ukikuta *atsui mizu*, jua mfasiri amefuata kamusi neno kwa neno.

Heshima isivunjwe. “Free” ya kitu kisicholipiwa ni *muryō*, ya uhuru ni *jiyū*, ya mtu asiye na shughuli ni *hima*. Lakini karani akimuuliza mkuu wake kama ana *hima*, ni kama amemwambia hana kazi ya kufanya. Mfasiri hodari humfanya aulize kama mkuu ana muda.

Jihadhari na katakana. Hizi ndizo herufi zinazoandikiwa maneno ya kigeni, na mfasiri mvivu hujificha humo. *Manshon* limetokana na neno la Kiingereza la jumba la kifahari, ila Japani lina maana ya nyumba ndani ya jengo la ghorofa. Tajiri wa riwaya akihamishiwa humo, amefilisiwa na mfasiri.

Maana mbili kwa pamoja. Mwandishi anapocheza na neno makusudi, mtazame mfasiri kwa makini zaidi. Kijapani kina *furigana*, herufi ndogo zinazoandikwa kando au juu ya kanji (herufi zenye asili ya Kichina) kuonyesha matamshi. Fundi anaweza kuacha kanji ibebe maana moja na herufi ndogo zibebe ya pili, bila tanbihi yoyote. Akifanya hivyo pale panapostahili tu, mpe alama za juu.

Basi, chukua neno moja la Kiingereza, lifuate sura nzima, uorodheshe kila lilivyofasiriwa. Likirudi kwa sura ileile kila mahali ilhali maana inabadilika, kirudishe kitabu rafuni. Likibadilika kwa sababu unayoweza kuieleza, kinunue.